Waliorudi Kwenye Hadubini

Gustav Giemsa, ambaye jina lake limebandikwa kwenye chupa ya rangi katika kila maabara ya hospitali nchini, aliwahi kuishi Dar es Salaam. Wengi wa kazi yetu hawalijui hili, na nikiwaambia vijana hudhani nawatania. Alikuwa mfamasia wa Kijerumani, na kati ya 1895 na 1898 aliitumikia serikali ya kikoloni pale pwani, miaka ileile Hospitali ya Ocean Road ilipojengwa na kufunguliwa, na Robert Koch alipokuja kuchunguza malaria. Rangi yenyewe aliitangaza akiwa Hamburg, mwaka 1904. Mimi huamini mbu wa Dar ndio waliompa sababu.

Rangi hiyo ndiyo iliyonilea. Nilianza kazi ya maabara hapa Morogoro mwishoni mwa miaka ya 1970, na uzee umenikuta Kihonda, kwenye nyumba tuliyoijenga wakati huku bado ni vichaka na watu wa mjini wakitushangaa kwenda kuishi ng'ambo ya Msamvu. Siku hizo rangi hatukuinunua ikiwa tayari. Tulipima unga wake gramu 3.8, tukautia kwenye chupa nyeusi yenye mililita 250 za methanoli na mililita 250 za gliserini, tukaongeza shanga za kioo, na kila aliyepita karibu na chupa aliitikisa kidogo, siku baada ya siku, mpaka unga ukakubali kuyeyuka. Damu nayo ina adabu yake. Unaweka tone karibu na mwisho wa kioo, unaegemeza kioo cha pili kwa pembe, unasubiri damu itambae ukingoni, kisha unasukuma mara moja. Ukisitasita, imeharibika. Ukisukuma vizuri unapata utando mnene unaokwenda ukipungua mpaka unaishia kwenye ncha, na hapo kabla ya ncha, chembe zimelala mojamoja bila kupandana, ndipo pa kusoma.

Tulichosoma kilikuwa malaria. Watu wa Mwembesongo, watu wa Kichangani, watu wa Mgeta walioshuka mlimani na homa: malaria. Mara chache homa ya papasi. Kazi yetu ilikuwa kutafuta kimelea, na ukishakipata, kioo kinakwenda ndooni.

Slaidi ya kwanza ya lukemia kali, saratani ya damu, niliyoisoma ilikuja na karatasi iliyoandikwa "malaria sugu". Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980. Mgonjwa alikuwa kijana wa kiume, amepauka, fizi zinavuja damu, homa haisikii klorokwini. Nilitia tone la mafuta, nikashusha lenzi ya mia, na kimelea sikukiona hata kimoja. Niliona chembe nyeupe nyingi mno, zote za sura moja: kubwa, kiini kimeijaza chembe karibu yote, zambarau laini isiyo na mabonge, na ndani ya kiini vidoa vyeupe viwili vitatu. Chembe changa za namna hiyo hazina ruhusa ya kutoka nje. Kwa mtu mwenye afya hukaa kwenye uloto, ndani ya mifupa, mpaka zikomae. Na katika chembe chache kati ya zile niliona vijiti vyekundu vyembamba, vile vilivyopewa jina la John Auer, daktari wa Kimarekani aliyevieleza mwaka 1906. Vijiti hivyo vikionekana, mjadala umekwisha: ni lukemia kali ya mieloidi, ile inayowapata zaidi watu wazima.

Nilivitambua kwa sababu nilikuwa na kitabu cha picha za damu, nilichopewa na dada mmoja wa Afrika Kusini. Jirani zetu wa Mazimbu wakati huo walikuwa wakimbizi wa ANC, wenye shule yao ya Solomon Mahlangu na hospitali yao. Dada yule alikuwa mtu wa maabara kama mimi, na kitabu alikitoa bila masharti. Daktari wangu alikuja kuangalia mwenyewe. Alikaa kwenye hadubini muda mrefu, akaniuliza kama nina hakika, kisha akaandika damu ya kuongezwa na vidonge vya prednisoloni. Ndugu walimchukua kijana wao nyumbani kabla wiki haijaisha.

Nimeanzia huko kwa makusudi. Watu wanaponiuliza habari za lukemia inayomrudia mtu mzima, hutaka nianze na kurudi kwenyewe, kana kwamba hilo ndilo balaa la kwanza. Hapa kwetu, kwa miaka mingi, lukemia kali haikumrudia mtu mzima yeyote ninayemjua, kwa kuwa haikuwahi kuondoka. Ugonjwa unaorudi ni ule uliokwisha kufukuzwa mara moja, na sisi hatukuwa na wa kuufukuza. Kwa hiyo historia ya kurudi kwa lukemia Morogoro ni fupi kuliko utumishi wangu. Mimi naihesabu kuwa ni historia ya maendeleo, ingawa wengi walioipitia tumewazika.

Kwingineko ilianza mapema. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba watoto 10 kati ya 16 wenye lukemia kali walipata nafuu kwa dawa iitwayo aminopterini. Damu yao ilisafika, wakainuka kitandani, wakacheza. Halafu ugonjwa ukawarudia. Hao ndio waliofungua ukurasa ambao sisi tungekuja kuusoma miaka mingi baadaye.

Dawa iliyofuata kwa umaarufu, vinkristini, inatokana na mmea ulioko pembeni ya baraza langu: yale maua ya waridi na meupe yenye majani yanayong'aa, yanayoota hata kwenye mchanga mkavu na ambayo mbuzi hawayataki. Asili yake ni Madagaska. Majani yake yalifika Kanada kutoka Jamaika miaka ya 1950 kwa sifa ya kutibu kisukari. Robert Noble na Charles Beer walipoyachunguza wakaona hayafanyi lolote kwenye sukari, ila yanapunguza chembe nyeupe. Kufikia 1963 vinkristini ilikuwa imeruhusiwa Marekani, na hadi leo tiba nyingi za lukemia kali ya limfu huitumia. Jirani yangu mmoja alipojua hayo alikuja na kisu na mfuko, anataka majani akachemshe, mdogo wake ana uvimbe. Nikamwambia, "Dada, dawa hiyo mtu mzima hapewi zaidi ya miligramu mbili kwa mara moja, tena kwenye mshipa, na mkono wa mchomaji usitetemeke. Kwenye sufuria hujui umechemsha ngapi." Aliondoka amenuna. Maua bado yapo.

Lakini somo kubwa kabisa juu ya kurudi kwa saratani ya damu lilipatikana jirani, Kampala, na sielewi kwa nini halifundishwi vyuoni kwetu kwa majivuno yanayostahili. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Wagonjwa wake walikuwa hasa watoto wenye uvimbe wa taya ambao daktari mpasuaji Denis Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958. Si lukemia, lakini ni saratani ya chembe za ukoo uleule wa limfu. Dawa kuu ilikuwa siklofosfamidi. Uvimbe uliyeyuka kwa siku chache, na kwa baadhi ya watoto ukarudi. John Ziegler na wenzake hawakuwaandika wale waliorudi kuwa ni hasara tu. Waliwafuatilia mmoja mmoja mpaka vijijini, na mwaka 1972 wakachapisha walichokiona. Mtoto aliyerudiwa mapema, miezi michache tu baada ya kupona, alikuwa katika hatari kubwa, maana dawa haikushika tena. Aliyerudiwa baada ya muda mrefu aliweza kutibiwa upya, mara nyingine kwa dawa ileile, akapona tena.

Mwaka huohuo Burkitt na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Lasker, na mwaka huohuo Uganda ya Idi Amin ikawa si mahali pa mgeni kukaa. Ziegler aliondoka, Mganda Charles Olweny akaishika taasisi. Ila kanuni ile ilibaki, na imethibitishwa baadaye kwa watu wazima wenye lukemia kali, Ulaya na Marekani, tena na tena: swali la kwanza kwa mgonjwa aliyerudiwa ni amekaa salama muda gani.

Kwa Watanzania wa kawaida, saratani ya damu ilipata jina Oktoba 1999. Mwalimu Nyerere alifariki London, katika Hospitali ya St Thomas', tarehe 14 ya mwezi huo, na Rais Mkapa akalitangazia taifa. Maabara yetu ilijaa wiki zilizofuata. Watu wazima, wengine wazima wa afya kabisa, walikuja kuomba wapimwe "ule ugonjwa wa Mwalimu". Mzee mmoja wa Kilakala alinyoosha mkono kabla sijamkaribisha kiti. Nilichoka kueleza, lakini nilieleza. Mwalimu alikuwa na lukemia sugu ya limfu, ambayo huwapata wazee na huweza kwenda polepole kwa miaka. Hii kali ni nyingine. Inakuja kwa wiki, haibagui umri, na isipotibiwa inaua kwa miezi au pungufu. Watu walinisikiliza kwa heshima kisha wakauliza swali lililowaleta: kama Mwalimu alipelekwa London na hakupona, sisi wa Kihonda je?

Swali jingine lililonifuata liliulizwa na watu wa viwandani: je, ugonjwa huu umetokana na kazi yetu? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 Morogoro ilijengewa viwanda kwa haraka: turubai, magunia, ngozi, nguo za poliesta, na kile kiwanda cha viatu kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa kwa ajili ya Ulaya. Kiwanda hakikuuza Ulaya hata jozi moja, na kilifungwa 1990. Kuta zake zilikuwa za aluminiamu, bila mpangilio wa hewa unaofaa joto letu, jambo ambalo waandishi wa uchumi wanalitaja hadi leo kama kichekesho. Mimi hainichekeshi. Istanbul, miaka ya 1970, daktari Muzaffer Aksoy alionyesha kwamba mafundi viatu waliofanya kazi vyumba vilivyofungwa, wakivuta mvuke wa gundi yenye benzini, walipata lukemia kali kuliko watu wengine. Gundi za hapa sikuzipima na sitasema zilikuwa na nini. Nasema tu kwamba fomu zetu zilikuwa na nafasi ya jina, umri na wodi. Kazi ya mgonjwa hatukutakiwa kuandika, kwa hiyo jibu wanalolitaka wazee wa kiwanda, wanaokaa vibarazani hapa mtaani wakihesabu wenzao waliotangulia, halimo kwenye daftari lolote nililowahi kulishika.

Wakati huo Dar mambo yalikuwa yakibadilika. Jengo lile la Ocean Road lilifanywa taasisi ya saratani inayojitegemea kwa sheria ya 1996, na Muhimbili nako wataalamu wa damu wakaongezeka. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulianza miaka ya 2000, ukapunguza ile kazi ya kuwapanga ndugu foleni korido nzima tukitafuta kundi. Watoto walipiga hatua kuliko wakubwa. Wodi yao Muhimbili, kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha, ilianza kurudisha majumbani watoto waliopona. Kwa mtu mzima njia ilikuwa nyembamba zaidi. Mwili wa mkubwa hauvumilii dawa kama wa mtoto, na lukemia ya mkubwa mara nyingi ina kasoro za kromosomu zinazoifanya kuwa kaidi. Hata hivyo njia ilikuwapo. Na hapo ndipo nilipoanza kuwaona waliorudi.

Mmoja sitamsahau: fundi seremala wa hapa Kihonda, kijana aliyekuwa akitengeneza milango ya mninga yenye maua, mlango wangu wa mbele ukiwa mmoja wao. Alikuwa na lukemia kali ya limfu. Alikwenda Dar, akakaa huko miezi, akarudi hana nywele wala nyusi, amekonda, lakini damu yake safi. Baadaye akawa wa vidonge vya nyumbani na kliniki. Kila mwezi kabla ya kupanda basi alipita kwangu asubuhi nimhesabie chembe, akae kwenye benchi akinisimulia bei za mbao. Nywele ziliota. Akaoa. Zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nikiandika namba nzuri kwenye kadi yake.

Asubuhi moja kabla sijaipaka rangi nilijua. Damu yake ilitambaa kwenye kioo nyepesi, na tulipomtoboa kidole tulikaa na pamba muda mrefu kabla haijakoma, maana chembe za kugandisha zilikuwa zimekwisha. Nilitengeneza slaidi mbili badala ya moja. Kwenye zote mbili zilikuwapo zile chembe changa. Si nyingi kama mwanzo. Moja hapa, unasogeza, mbili pale.

Yeye mwenyewe alielewa kwa kuniangalia usoni. Lakini kwa Waluguru uamuzi wa jambo zito kama hilo haukai kwa mgonjwa peke yake, wala kwa baba yake. Unakwenda kwa mjomba. Siku ya pili mjomba alishuka kutoka Mgeta, mzee mrefu mwenye koti, akaja mpaka dirishani pangu.

"Mama, wewe ndiye uliyeuona?"

"Ndiyo, mjomba."

"Uliuona kwa macho, si kwenye karatasi?"

Utaratibu hauruhusu, lakini nilimwingiza. Nilimwekea slaidi, nikamrekebishia lenzi, akavua kofia akainama. Nilimwonyesha ipi ni chembe ya kawaida na ipi ni ugonjwa. Akaangalia mpaka nikadhani haoni kitu.

"Na zile za mwanzo, kabla hajaenda Dar, zilikuwa sura hiihii?"

"Hiihii."

"Basi hazikurudi hizi. Zilibaki."

Nimehudhuria semina nyingi za hospitali, na sijasikia mhadhiri aliyelieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko yale. Mgonjwa anapogunduliwa, mwilini ana chembe za lukemia zinazoweza kufika trilioni. Madaktari husema ugonjwa umetulia pale chembe changa kwenye uloto zinapopungua chini ya 5 katika kila 100. Lakini jicho na hadubini haviwezi kutofautisha chembe changa chache za ugonjwa na chembe changa halali, na mtu aliyeambiwa damu yake imetulia anaweza bado kuwa amebeba mabilioni. Mashine za siku hizi zinazosoma chembe kwa miale zinaipata moja katika 10,000. Yangu haikuweza. Zilizobaki ndizo zile zilizoivumilia dawa, na zinapozaliana, zinazaa wavumilivu wenzao. Ndiyo maana mara ya pili ni ngumu, na kadiri zilivyowahi kuzaliana ndivyo ilivyo ngumu zaidi, kama walivyoona Mulago.

Mjomba akaniuliza kuna nafasi gani. Nilimwambia ipo, ndogo, na daktari wa Dar atamweleza vizuri kuliko mimi. Wakauza kiwanja. Fundi alikwenda tena, akachomwa tena, na safari hii damu haikusafika. Alifariki baada ya miezi, akazikwa kwao mlimani.

Namba sikuwa nazo siku ile. Nilizisoma baadaye, na nimezibeba kichwani tangu hapo. Mwaka 2007 watafiti wa Uingereza na Marekani, wakiongozwa na Adele Fielding, walichapisha hesabu ya watu wazima 609 waliorudiwa na lukemia kali ya limfu. Baada ya miaka mitano waliokuwa hai ni 7 katika kila 100. Hao walitibiwa katika hospitali ambazo chembe za kugandisha damu huletwa kwa kupiga simu. Kwa lukemia ya mieloidi, Breems na wenzake wa Uholanzi waliwagawa wagonjwa 667 mwaka 2005 kwa vigezo vinne: muda waliokaa salama, kromosomu za ugonjwa, umri, na kama walishapandikizwa uloto. Kundi lenye bahati, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa 46 katika 100. Kundi la mwisho, 4. Kwa hiyo anayesema lukemia iliyorudi ni ileile kwa kila mtu anakosea, na anayemwambia mgonjwa "haiponi" bila kuuliza vigezo hivyo anasema asichokijua. Nimewasikia wengi, wengine wamevaa koti jeupe.

Ipo hata aina ambayo kurudi kwake kulitiishwa kwa sumu. Ni lukemia ya promielositi, ile inayomfanya mgonjwa avuje damu kila mahali. Madaktari wa Harbin, China, walitumia aseniki, na mwaka 1998 hospitali ya New York ikaeleza wagonjwa 12 waliorudiwa ambao 11 kati yao damu ilisafika kabisa. Aseniki! Tuliyofundishwa chuoni kuifungia kabatini na kuchora fuvu.

Dawa mpya zimekuja, na nazisoma kama mtu anayesoma habari za harusi ya mbali. Blinatumomabu, inayotiririshwa kwenye mshipa usiku na mchana kwa wiki nne, iliwapa watu wazima waliorudiwa na lukemia ya limfu uhai wa wastani wa miezi 7.7, dhidi ya 4.0 kwa dawa za kawaida. Utafiti huo ulitoka 2017. Gilteritinibu, vidonge vya wenye lukemia ya mieloidi yenye kasoro fulani ya jeni, miezi 9.3 dhidi ya 5.6. Halafu ile tiba ya kuchukua chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe, kuzibadilisha maabara zilitambue adui, na kumrudishia: moja ya aina hiyo ilitoa wastani wa miezi 18.2 kwa watu wazima, na bei yake Marekani ni zaidi ya dola 300,000 kwa mgonjwa mmoja. Mtu wa Kihonda akisikia miezi hiyo huniuliza kama ndiyo hiyo tu. Namwambia miezi hiyo ni daraja. Kinacholengwa ng'ambo ni kupandikizwa uloto wa mtu mwingine, na mgonjwa hapandikizwi mpaka ugonjwa utulizwe kwanza.

Daraja kwetu lina nguzo chache, ila si tupu tena. Mwaka 2021 Muhimbili ilianza kupandikiza uloto kwa wagonjwa wa mieloma, kwa kutumia chembe zao wenyewe. Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza watoto wenye selimundu uloto wa ndugu zao. Hiyo ya Dodoma ndiyo inayonigusa, kwa sababu lukemia iliyorudi inahitaji uloto wa mtu mwingine, wenye kinga isiyozoea ugonjwa ule. Kwa sasa mkubwa wa Kitanzania aliyerudiwa na lukemia, akipata rufaa, hutazama India. Lakini Dodoma si India, na hata Dar imesogea karibu. Treni ya umeme ina stesheni hapa Kihonda, na tangu 2024 wagonjwa wetu hufika Dar chini ya saa mbili, bila matuta, jambo kubwa kwa mtu ambaye akigonga goti tu anavimba damu.

Kinachobaki ni nani atatoa uloto. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja katika nne ya kufanana kabisa na mgonjwa. Ukiwa na ndugu watano wa namna hiyo, nafasi ya kumpata angalau mmoja ni kama 76 katika 100, na hapo familia zetu kubwa zinatuzidishia bahati kuliko za Wazungu. Kisha Baltimore, kwenye Hospitali ya Johns Hopkins, walitafuta njia ya kutumia hata mtu anayefanana na mgonjwa nusu tu. Siri yao ni dozi kubwa ya dawa baada ya kupandikiza, inayozuia chembe za mtoaji zisimgeukie mwenyeji wake. Dawa hiyo ni siklofosfamidi, ileile ya Mulago ya miaka ya 1960, dawa ya bei nafuu inayopatikana Tanzania. Kwa njia hiyo mzazi anafaa, mtoto anafaa, na mjomba wa tumbo moja na mama ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuwa anafaa.

Mwaka jana nilikutana na mjomba wa yule fundi Soko la Chifu Kingalu, amekuja na magunia ya kabichi. Nilimweleza haya, maana alitaka kujua kama vile vioo bado ninavisoma. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza mtoaji asizidi umri gani. Nikamwambia wanapendelea vijana, chini ya miaka 40 hivi. Akasema yeye muda umempita, ila kwa mama yake ana mdogo wa mwisho, na huyo mdogo ana wapwa sita, na bora wajue makundi yao ya damu sasa kabla mtu hajaumwa. Akaniomba nimwandikie karatasi aende nayo Mgeta, niandike kwa herufi kubwa, macho yake si ya zamani.